Bure ni ya Dirisha Gani?

Somo la vikundi kuhusu mabadiliko ya huduma za afya



Somo la safari hii limetoka Kongo. Msomaji wa mbali asishtuke. Kongo yetu si ile nchi iliyo ng'ambo ya Uganda, ni mtaa wa Kawangware, hapa hapa Nairobi. Tumelitayarisha pamoja na wenzetu wa Kibera, maana tulipokaa nao tuliona swali linalotusumbua ni moja: huduma za afya zinabadilika kila mara, na sisi tunajua zimebadilika siku tunaposimama dirishani na mgonjwa.

Tunaomba mlisome mkiwa kikundi. Likiwa refu, ligawanyeni mara mbili. Na kila mtu aje na karatasi za hospitali alizo nazo nyumbani: risiti, kadi ya kliniki, hata kile kikaratasi cha dawa ulichoambiwa ukanunue nje.

KOSA LETU WENYEWE

Afadhali tuanze na yale tuliyokosea sisi, ndipo tupate uso wa kuuliza wengine.

Tarehe 1 Oktoba 2024 bima ya NHIF, iliyokuwako tangu mwaka 1966, iliondoka na Mamlaka ya Afya ya Jamii, yaani SHA, ikaanza kazi. Kikundi chetu kikaona hapa pana kazi ya kusaidia majirani. Jumapili baada ya ibada tuliweka meza nje ya ukumbi wa kanisa. Vijana walishika simu, wazee wakapanga watu foleni, kila mtu na kitambulisho chake mkononi. Unabonyeza *147#, unajibu maswali, unangoja ujumbe. Wengine walikuja na mulika mwizi iliyopasuka kioo, ikabidi kijana asome kwa kuinamisha simu juani. Ilikuwa kazi nzuri na hatuijutii. Lakini kila aliyetuuliza, "Sasa nikishamaliza hii?" tulimjibu, "Umemaliza, mama. Sasa ni bure."

Mmoja wa tuliowaandikisha alikuwa dada mjamzito wa hapo hapo Kongo. Mtoto wake wa kwanza alimzaa hospitalini bila kulipa, kwa ule mpango wa Linda Mama, kwa hiyo alipoambiwa bure hakuona ajabu. Alihudhuria kliniki katika kituo cha afya, akapimwa, akapewa vidonge vya kuongeza damu, hakutoa hata shilingi moja. Sisi tukatembea kifua mbele. Kisha mimba ilipofika mwezi wa nane muuguzi akamwambia mtoto amelala vibaya, huenda akahitaji upasuaji, na kituo hakina chumba cha kazi hiyo. Akaandikiwa barua ya kwenda hospitali kubwa.

Huko karani aliangalia kompyuta yake akasema, "Mama, umejisajili vizuri, lakini hujalipa." Akauliza, kulipa nini tena? Akaambiwa ni mchango wa mwaka mzima, la sivyo gharama ya upasuaji itatoka mfukoni mwao. Karani hakumtukana wala kumfukuza. Alisoma tu kilichoandikwa mbele yake.

Bwana yake ni mtu wa mjengo. Siku akipata kibarua huko Kileleshwa wanakula, asipopata wanangoja. Pesa zilitoka kwa chama cha akina mama, ile ya kuzungushiana kila mwezi. Zamu ilikuwa ya mama mmoja anayeuza omena, na alikuwa ameingoja zamu hiyo aongeze mtaji. Alikubali kurukwa. Mtoto alizaliwa salama, msichana, na mama yake ni mzima. Lakini mama wa omena alirudi kuuza kwa debe la kukopa hadi zamu ilipomfikia tena.

Katika mkutano uliofuata yule dada alikuja na mtoto mgongoni. Hakupiga kelele. Alisema tu, "Si ni nyinyi mliniambia nimemaliza?" Hakuna aliyejibu. Mwenyekiti wetu aliangalia meza.

Ndipo tukaamua kabla ya kumfundisha mtu yeyote tena, tukae chini tusome wenyewe.

KUJISAJILI SI KUCHANGIA

Tulichogundua si siri. Kimeandikwa katika Sheria ya Bima ya Afya ya Jamii, iliyotiwa sahihi na Rais Ruto tarehe 19 Oktoba 2023 pamoja na sheria nyingine tatu za afya. Shida ni kwamba sisi tulisikia matangazo, hatukusoma sheria.

Ndani ya SHA kuna mifuko mitatu, si mmoja. Wa kwanza ni wa huduma za msingi. Huu unalipia matibabu ya kwenda na kurudi katika zahanati na vituo vya afya, yaani ngazi ya 2 na ya 3, na pesa zake hutoka serikalini. Kwa mfuko huu mwananchi anatakiwa kujisajili tu. Wa pili ni mfuko wa bima yenyewe, SHIF. Huu ndio unaolipia hospitali za ngazi ya 4 hadi ya 6: kulazwa, upasuaji, kuzaa hospitalini. Kwa huu ni lazima uwe umechangia. Wa tatu ni wa dharura na magonjwa sugu na mahututi, unaoshika pale ambapo ule wa bima umefika kikomo.

Sasa rudini kwa yule dada. Kliniki yake ilikuwa dirisha la mfuko wa kwanza, na huko ilikuwa bure kweli. Barua ya muuguzi ilimhamisha hadi dirisha la mfuko wa pili. Hakuna mtu aliyedanganya katika habari hii isipokuwa sisi, na sisi tulidanganya kwa kutojua. Neno "bure" lilikuwa la dirisha moja, tukalitangaza kwa madirisha yote.

Ubaya ni kwamba kosa hili lina upande wa pili, nao ni mbaya zaidi kwa jinsi tunavyoona. Wako majirani waliosikia kwamba SHA ni ya kulipa, na kwa kuwa hawana pesa wakaacha hata kujisajili. Hawa wanakaa nyumbani na mtoto mwenye homa, au wanaenda kununua dawa za kukisia kwa duka la dawa, na huku zahanati ya umma ingewatibu kwa ule mfuko wa kwanza bila mchango wowote. Kibera walituambia hali ni hiyo hiyo. Mmoja analipa asipotegemea kulipa, mwingine anakosa asipotakiwa kulipa, na wote wawili wamepotezwa na neno moja.

Simameni hapa kidogo. Ulizeni katika kikundi: nani hapa amejisajili? Nani amechangia? Ni nani alidhani ni kitu kimoja? Msicheke mtu.

HESABU YA SHILINGI 300

Kuhusu kiasi cha mchango tulibishana sana. Kanuni za mwaka 2024 ziliweka kwamba aliyeajiriwa akatwe asilimia 2.75 ya mshahara wake kila mwezi, na kiwango cha chini kiwe shilingi 300 kwa mwezi. Mzee wetu mmoja, fundi viatu, alisimama akasema anaona watu wanalalamika bure. NHIF ilikuwa shilingi 500 kwa mwezi kwa mtu anayejilipia, na hiyo ni 6,000 kwa mwaka. SHA kwa mtu wa chini ni 3,600. "Imeshuka," akasema, "kwa nini mnalia?"

Hesabu yake ni sahihi, tuliikubali. Lakini mama mmoja wa mboga akamjibu, "Elfu tatu na mia sita zako ziko wapi leo, mzee? Zitoe tuzione." Mzee akacheka, akakaa.

Kwani kanuni hizo hizo zinasema asiye na ajira alipe mwaka mzima kwa mara moja. Mwajiriwa hukatwa kidogo kidogo hata hahisi. Mwenye kibanda anatakiwa alete miezi 12 kwa mkupuo, na kwa wengi wetu hiyo ni karibu kodi ya nyumba ya mwezi. Shilingi 10 kwa siku tunaweza. Tatizo ni ile siku ya kuziweka zote mezani, na kwa kawaida siku hiyo huwa ndiyo siku ya ugonjwa. Mwaka 2025 serikali yenyewe iliona hilo, ikaanzisha Lipa SHA Pole Pole, mkopo wa kulipia mchango halafu unarudisha kwa siku, kwa wiki au kwa mwezi. Hatumkatazi mtu. Tunasema tu ujue kwamba hilo ni deni, na kabla ya kukubali uliza jumla utakayorudisha, kama vile ungeuliza katika chama.

Tena si kila mtu hupangiwa kiwango cha chini. Unapojisajili unaulizwa kuhusu nyumba yako, maji, choo, vitu ulivyo navyo, kisha mashine inakadiria uwezo wako. Kijana mmoja aliuliza, "Nikisema nina TV si itapanda?" Tulikubaliana tusifundishane kudanganya. Lakini tulikubaliana pia kwamba makadirio si Maandiko, na mtu akiona amepangiwa pesa zisizolingana na maisha yake, aombe yaangaliwe upya, na kikundi kimsindikize.

Na hili lishikeni: sheria inasema asiyejiweza kabisa alipiwe na serikali. Basi swali la kikundi si la huruma, ni la orodha. Nani anaandika orodha ya wasiojiweza katika kijiji chetu? Imebandikwa wapi? Yule nyanya anayelea wajukuu wanne pale nyuma ya kisima, jina lake limo?

WAZEE WALISHAYAONA HAYA

Ukifikiri dirisha la malipo limehama sasa tu, muulize mzee. Mwaka 1965 serikali ya uhuru iliondoa ada ya matibabu ya wagonjwa wa nje. Desemba 1989, nchi ikiwa imebanwa na madeni na masharti ya wakopeshaji wa nje, ada zikarudi kwa jina la kuchangia gharama. Septemba 1990 ada ya wagonjwa wa nje ikasimamishwa, kisha kuanzia mwaka 1992 ikarudishwa hatua kwa hatua. Julai 2004 ikawa shilingi 10 kwa zahanati na 20 kwa vituo vya afya, wengi mnaikumbuka. Juni 2013 hata hizo zikaondolewa, na akina mama wakaambiwa wazae bure katika hospitali za umma.

Katika ile miezi ya 1989 na 1990 kulikuwa na jambo ambalo vikundi vinafaa kulijua. Watafiti walihesabu watu waliokuja katika kliniki moja ya serikali ya magonjwa ya zinaa hapa Nairobi. Kwa miezi 9 ya malipo, wanaume waliofika walishuka hadi asilimia 40 ya idadi ya awali. Wanawake walishuka hadi asilimia 65. Malipo yalipoondolewa wanawake walirudi, hata wakazidi wa mwanzo, lakini wanaume hawakufika tena idadi ya zamani. Wale ambao hawakuja hawakuwa wamepona. Walikuwa mahali fulani mjini, na ugonjwa wao, na wake zao.

Kwa sababu hiyo hatukubali mtu akituambia, "Tujaribu kwanza, ikishindikana tutarudisha." Ada huondolewa kwa tangazo la siku moja, lakini mgonjwa aliyezoea kukaa nyumbani harudi kwa tangazo.

Jambo lingine tulilojifunza ni kutotosheka na hesabu ya Nairobi nzima. Mwaka 2000 ulifanywa uchunguzi katika mitaa duni ya jiji. Ilionekana kwamba kati ya watoto 1,000 waliozaliwa huko, kama 151 walikufa kabla ya kutimiza miaka 5. Kwa Nairobi kwa jumla walikuwa kama 62. Hata vijijini, ambako watu wa mjini huwahurumia, walikuwa kama 113. Mpaka siku ile mtu akisoma kitabu cha serikali aliona Nairobi inaendelea vizuri, kwa sababu mtoto wa Laini Saba alikuwa amejumlishwa pamoja na mtoto wa Lavington. Tangu hapo mengi yamebadilika, lakini ukiletewa hesabu bado uliza: hii ni ya kaunti, au ni ya kwetu?

NANI MWENYE ZAHANATI?

Kabla ya kuuliza lazima ujue unamwuliza nani, na kwa Nairobi swali hili limetuchosha. Zamani vituo vingi vya mtaani vilikuwa vya Halmashauri ya Jiji. Baada ya uchaguzi wa Machi 2013 vikawa vya serikali ya kaunti, kwa sababu Katiba ya 2010 iliweka zahanati na hospitali za kaunti chini ya kaunti. Februari 2020 gavana alitia sahihi mkataba wa kuhamisha kazi kadhaa, afya ikiwamo, na kuanzia Machi mwaka huo zikashikwa na NMS, chombo cha serikali kuu. Mwaka 2022 NMS ikaisha, kazi zikarudi kaunti. Vibao vya lango vilipakwa rangi upya kila mara. Mtu aliyeanza kufuatilia jambo moja mwaka 2019 angeweza kuambiwa mara mbili kwamba ofisi husika imehama.

Kibera wana historia yao zaidi. Madaktari Wasio na Mipaka walifanya kazi huko kwa miaka kama 20, na mwaka 2017 wakakabidhi kazi yao kwa kaunti. Wenzetu wanasema walipokuwa na mashirika hawakuuliza sana maswali, maana mgeni akikupa chakula huulizi kimetoka wapi. Sasa wamejifunza kuuliza.

Kumbukeni pia sheria moja kati ya zile nne za 2023, ile ya fedha za kuboresha vituo. Inasema kituo cha umma kibaki na pesa kinazopata, kizitumie hapo hapo. Hii ni nzuri kwetu, kwa sababu pesa ziko karibu tunaweza kuziona. Lakini pesa zilizo karibu zinataka macho yaliyo karibu. Kila kituo kinatakiwa kuwa na kamati, na ndani yake wawakilishi wa wananchi. Tulipoulizana katika mkutano wetu mwakilishi wa wananchi ni nani, watu waliangaliana. Baadaye tulimpata. Ni jirani yetu kabisa, na hakuwa amewahi kuulizwa swali hata moja tangu achaguliwe.

KARATASI TATU

Basi tulifanyaje? Hatukuwa na mtaalamu. Tulinunua daftari moja, tukakubaliana kwamba kwa kila badiliko tutatafuta karatasi tatu. Moja ni ya kilichosemwa: tangazo la ukutani, hotuba, ujumbe wa simu. Ya pili ni ya kilichoandikwa: sheria, kanuni, orodha ya bei. Ya tatu ni ya kilichofanyika: risiti. Zikikubaliana, tunashukuru. Zisipokubaliana, tunauliza tofauti imetokea wapi, na mara nyingi hakuna mwizi, kuna mtu ambaye hakuelezwa, kama sisi.

Katika daftari tunaandika tarehe, aina ya kituo, mtu aliambiwa nini, alitoa pesa ngapi, alipewa risiti au hapana, na alirudi na dawa au na karatasi ya kununua dawa nje. Safu hii ya mwisho hatukuiwaza mwanzoni. Ni mama mmoja aliyesema, "Daktari alikuwa bure, dawa ilikuwa mia nne." Tangu hapo tuliona kwamba mahali pengi dirisha la malipo halikufungwa, limehamia barabarani, kwa duka la dawa. Kitabu cha kituo kitaonyesha mgonjwa ametibiwa bila malipo, na ni kweli, lakini pochi ya mama itasema mengine.

Majina hatuandiki. Hili tulikosea wiki ya kwanza, tukachana kurasa zile tukaanza upya. Ugonjwa wa mtu si wa daftari la kikundi. Tena iko sababu ya pekee siku hizi. Januari 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na kliniki nyingi za watu wanaoishi na virusi vya ukimwi zilikuwa zikiitegemea. Wizara ya Afya ikaelekeza huduma hizo ziunganishwe na za wagonjwa wengine. Kwa hiyo yule aliyezoea chumba cha kando, kwa muuguzi anayemjua, sasa anapanga laini moja na landilodi wake. Wengine kati yetu wanasema ni vizuri, unyanyapaa utaisha watu wakichanganyika. Wengine wanasema ni rahisi kusema hivyo kama si wewe. Hatukumaliza mjadala huo, na hatutaki kujifanya tumeumaliza. Tulichofanya ni kumwuliza mkuu wa kituo kama kuna saa au pembe ya faragha kwa wanaoitaka, naye alikubali kulifikiria pamoja na wenzake. Tutawaambia likifikia wapi.

Mkuu huyo, tuseme ukweli, alitupokea vizuri kuliko tulivyostahili. Tuliingia watu kumi na wawili kama tunaenda kukamata mtu. Alituangalia akasema, "Nina viti vitatu." Tukacheka, wengine wakangoja nje. Alituonyesha kwamba hata yeye ana maswali: dawa anazoagiza haziji zote, na malipo ya SHA hungoja. Vikundi vingine visirudie kosa letu. Nendeni watatu, mwombe nafasi mapema, na mchague siku ambayo si ya chanjo.

KUULIZA KWA KARATASI

Yasiyojibiwa kituoni tuliyaandika. Katiba, kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya kiwango cha juu kinachowezekana cha afya, na inasema hakuna atakayenyimwa matibabu ya dharura. Kifungu cha 35 kinatupa haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Sheria ya mwaka 2016 ya kupata habari inampa afisa siku 21 za kujibu, na ikiwa maisha ya mtu yamo hatarini, saa 48. Asipojibu unaweza kupeleka lalamiko kwa Tume ya Haki ya Utawala. Barua si lazima iwe ya wakili. Yetu ilikuwa ya ukurasa mmoja, kwa Kiswahili, maswali matatu: orodha ya wasiojiweza iko wapi, ni dawa gani zilizopangwa kuletwa kituo chetu mwaka huu, na ripoti ya pesa za kituo hubandikwa lini. Tuliifanya nakala mbili, ya pili ikagongwa muhuri wa kupokelewa na tarehe. Bila muhuri huna barua, una uvumi.

Wapo waliosema maoni ya wananchi ni mapambo tu, yanaandikwa kisha yanatupwa. Tunawaelewa. Lakini Julai 2024 Mahakama Kuu ilitangaza kwamba sheria tatu kati ya zile nne, pamoja na ile ya SHA, zinakiuka Katiba, na sababu mojawapo kubwa ni kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Septemba mwaka huo Mahakama ya Rufaa ilisimamisha hukumu hiyo, ndiyo maana SHA ikaanza Oktoba. Hata hivyo ushiriki wetu ulikuwa jambo la kutosha kuwafanya majaji waziguse sheria za nchi nzima. Msiite hilo mapambo.

Kalenda nayo muijue, kwa sababu malalamiko mengi mazuri hufika bajeti ikiwa imeshapitishwa. Mpango wa mwaka wa kaunti hupelekwa katika bunge la kaunti ifikapo tarehe 1 Septemba. Karatasi ya mwelekeo wa fedha, tarehe 28 Februari. Makadirio ya bajeti, tarehe 30 Aprili. Julai 1 mwaka mpya wa fedha unaanza. Ukitaka chumba cha kuzalia au muuguzi wa usiku, mwezi wa Agosti ndio wa kumsumbua MCA wako, si mwezi wa Juni anapokuwa hana la kufanya ila kukuhurumia.

Barua yetu ilipofikisha siku 21 hatukuwa tumejibiwa. Tumepeleka ya pili, na nakala ya ile ya kwanza nyuma yake. Pale nje ya ukumbi tumeweka meza tena, na sasa kila anayejisajili anaambiwa mambo mawili kwa pumzi moja: zahanati na kituo cha afya umemaliza, hospitali bado. Akina mama wajawazito tunawauliza mwezi, ili akina baba na chama wajue mapema ni lini pesa zitahitajika. Chama kimeanza kuweka shilingi 10 za kila siku kando, katika kopo lisiloguswa na zamu. Kopo analishika mama wa omena. Daftari tumemwomba yule dada wa Kongo alishike, na amekubali, kwa sharti kwamba mikutano isipite saa kumi na moja jioni kwa sababu ya mtoto.

Wenzetu wa Kibera watakuja na daftari lao Jumapili ya mwisho ya mwezi, tuyaweke mawili mezani tuone kama dawa zinazokosekana kwao ndizo zinazokosekana kwetu. Leteni risiti, hata zile zilizofifia. Zile za karatasi ya mashine hufutika upesi, kwa hiyo andika kiasi kwa kalamu nyuma yake siku hiyo hiyo.